Siku moja maishani mwangu: macho 12 na taa ya betri ya bodaboda

Saa 11:15 alfajiri

Mwezi wa saba kipupwe cha Singida hakina huruma. Upepo unapita juu ya mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa na kuja moja kwa moja mpaka kwenye mifupa. Siku ya upasuaji naanza kwa kuvipasha moto vidole. Bakuli la uji wa uwele nalishika kwa mikono miwili, nasubiri joto liingie, ndipo nakunywa. Kahawa siigusi mpaka jioni. Mkono ukitetemeka kidogo tu, chini ya hadubini inayokuza mara kumi unaonekana kama tawi linalotikiswa na nyani.

Mimi ni daktari bingwa wa macho. Nilisoma udaktari Muhimbili, nikafanya kazi wilayani miaka mitatu nikitibu kila kitu, kisha nikaenda KCMC Moshi kusomea macho. Aliyenipeleka huko ni babu mzaa mama. Aliishi miaka sita kwenye kiti kimoja uani, na sisi wajukuu tulipokezana kumshikia fimbo. Hakuna aliyetuambia kwamba ule weupe machoni mwake ni mtoto wa jicho na kwamba unatolewa. Sisi tuliuita uzee, na babu akazikwa nao.

Saa 1:00 asubuhi

Wodini kuna watu 11 tuliowafanyia jana, wamekaa kwenye benchi refu, kila mmoja na bandeji jicho moja. Ukisimama mlangoni unasikia kimya cha namna yake.

Nikaanza na bibi mmoja kutoka Mkalama. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Aliletwa na mjukuu wa miaka tisa ambaye kwa miaka miwili kazi yake ilikuwa kushika ncha ya mbele ya fimbo. Shule alikuwa anakwenda siku ambazo bibi anaumwa na hatoki. Nilibandua plasta taratibu, nikasafisha kope, nikamwambia afungue. Bibi hakupiga kigelegele wala hakusema Mungu mkubwa. Alimtazama mtoto kuanzia kichwani akashuka, akaishia miguuni. "Haya magoti mbona yana makovu hivi? Nani amekuwa akikuangusha?" Mtoto akaanza kulia.

Wa nne kwenye benchi alikuwa mzee wa Manyoni. Lenzi bandia imekaa vizuri katikati, konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, inang'aa, lakini alipoulizwa vidole vingapi alihesabu vile vya karibu na pua tu. Presha ya macho, yaani glaukoma, ilikuwa imeshaumaliza mshipa wa fahamu nyuma ya jicho, na mtoto wa jicho alikuwa mweupe kiasi kwamba kabla ya upasuaji hatukuweza kuuona mshipa huo. Nilikuwa nimemweleza kwamba huenda ikawa hivi. Hata hivyo maneno ya juzi hayapunguzi uzito wa leo. Akanishika mkono akasema, "Mlango nauona ulipo, mwanangu. Jana sikuuona." Nilikaa naye zaidi ya wengine wote.

Saa 2:00

Vipimo vya wagonjwa wa leo. Hapa huwa sina haraka hata foleni ikifika getini. Kila jicho tunalipima urefu kwa mawimbi ya sauti na mviringo wa konea, kisha tunapata namba ya lenzi itakayowekwa. Milimita moja ya kosa kwenye urefu wa jicho inamharibia mtu miwani kwa takribani daiopta mbili na nusu, daiopta ikiwa kipimo cha nguvu ya lenzi. Mshonaji viatu ukimwekea lenzi isiyo yake umemwonyesha milima na kumnyima sindano yake.

Mfukoni nina kifaa kimoja ninachokipenda kuliko simu yangu: Arclight, kilichobuniwa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha St Andrews kule Scotland. Kina ukubwa wa kalamu fupi na kinachajiwa kwa jua. Unachungulia nacho ndani ya jicho au sikio. Wazo lake ni lilelile la Hermann von Helmholtz, mwanasayansi Mjerumani, wa mwaka 1851: peleka mwanga ndani ya mboni na uweke jicho lako kwenye mstari uleule mwanga unaporudi. Kabla ya Helmholtz madaktari hawakuwa na njia ya kawaida ya kuichunguza retina, ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, ya mtu aliye hai. Leo nesi wa zahanati anayo nafasi hiyo, mradi asisahau kukianika kifaa chake dirishani.

Saa 3:10

Thieta. Wagonjwa 12.

Nitaeleza mmoja tu, kwa sababu wote ni hadithi moja yenye sura tofauti. Sindano ya ganzi pembeni ya jicho. Povidoni-ayodini ya asilimia 5, dawa ya kuua vijidudu, juu ya jicho, na hii ni hatua ambayo simruhusu mtu yeyote kuifupisha. Kisha kwenye weupe wa jicho nachonga njia ya upana wa kama milimita 6 au 7, kwa kisu chenye ncha ya duara kama mwezi mwandamo. Njia inapita kwa mshazari, ili nikimaliza presha ya jicho lenyewe iifunge. Hakuna uzi. Nafungua uso wa kifuko cha lenzi, nakilegeza kwa maji kiini, yaani lenzi ya asili iliyofifia ambayo ndiyo mtoto wa jicho, nakileta mbele.

Kukitoa natumia ndoana. Sista anachukua sindano nyembamba ya kawaida, ile ya namba 30, anaikunja ncha kwa koleo mpaka inakuwa kama ndoana ya kuvulia perege. Naipitisha nyuma ya kiini, naigeuza, navuta. Njia hii ilianzia hospitali ya macho ya Lahan, Nepal, miaka ya 1990, kwa Dk. Albrecht Hennig. Wagonjwa walikuwa wengi na mashine hazikuwepo. Kiini kinatoka kikiwa cha kahawia, kigumu kama punje ya mahindi iliyokauka. Kwa hicho tu mtu amekaa gizani.

Inabaki kuweka lenzi. Kioo chake kina upana wa milimita 6, na pembeni kina vikono viwili vyembamba vya kuishikiza ndani ya kifuko. Daktari wetu wa mafunzo kwa vitendo, kijana mwenye maswali mengi, akauliza, "Dokta, nani alithubutu mara ya kwanza kumwekea mtu plastiki ndani ya jicho?"

Nilifurahi, maana jibu lenyewe linaanza na swali la kijana kama yeye. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Harold Ridley, mpasuaji wa London, aliwatibu marubani ambao vioo vya vyumba vyao vya kuendeshea ndege vilipasuka usoni. Mmoja wao ni Gordon Cleaver, aliyeumia mwaka 1940. Vioo hivyo vilikuwa vya plastiki iitwayo Perspex, na Ridley aliona kwamba vipande vilivyobaki ndani ya macho vilitulia tu, jicho halikuvikataa. Jambo hilo alikaa nalo miaka kadhaa. Siku moja mwanafunzi aliyekuwa akitazama upasuaji wa mtoto wa jicho akamuuliza kwa nini lenzi iliyotolewa hairudishiwi nyingine. Tarehe 29 Novemba 1949, hospitali ya St Thomas', Ridley akaweka lenzi bandia ya kwanza. Mgonjwa yule alitoka na namba kubwa mno, haoni mbali bila miwani, na ndiyo maana asubuhi nagombana na kila mtu juu ya vipimo. Wakubwa wa fani walimpinga kwa miaka mingi. Heshima ya Sir aliipata mwaka 2000, mwaka mmoja kabla hajafariki.

Kuna kitu kingine kuhusu Ridley ambacho napenda vijana wetu wakijue. Wakati wa vita alipelekwa Ghana, na huko aliuchunguza upofu wa usubi vijijini kaskazini na kuuandikia. Alijua mtu kipofu wa kijijini anaishije.

Ila lenzi ya Ridley haikufika Singida kwa sababu ya Ridley peke yake. Sanduku la lenzi zetu limeandikwa Madurai, India. Huko Dk. Govindappa Venkataswamy, baada ya kustaafu serikalini, alifungua hospitali ya Aravind mwaka 1976 ikiwa na vitanda 11. Tangu ujana wake ugonjwa wa viungo ulikuwa umempinda vidole, hata kalamu ilimshinda. Akajifunza upya kushika kisu na kuvigeuza vifaa vifuate vidole vyake, na kwa mikono hiyo alifanya upasuaji zaidi ya 100,000. Lenzi zilipokuwa zinauzwa zaidi ya dola 100 moja, wenzake walianzisha kiwanda cha Aurolab mwaka 1992, na bei ikashuka hadi karibu dola 10, kisha ikazidi kushuka. Mimi nikilishika sanduku lile nalishika kwa adabu.

Saa 5:40

Mgonjwa wa saba, fundi baiskeli wa miaka sitini na kitu. Ndoana ilikuwa imeshapita nyuma ya kiini. Umeme ukakatika.

Ngoja niseme kwanza kilichotokea miaka miwili iliyopita, katika hospitali niliyokuwa kabla ya hapa. Umeme ulikatika hivihivi. Jenereta haikuwaka. Nesi alimulika kwa tochi ya simu, mkono wake ukitetemeka, na wangu pia. Ngozi ya nyuma ya kifuko ni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ilichanika, ute wa ndani ya jicho ukaja mbele, na mama yule anaona leo nusu ya alichostahili kuona. Ninalo jina lake kwenye daftari langu na ninalisoma.

Kwa hiyo leo giza lilipoingia nilisema neno moja, "Tulia," nikimwambia mgonjwa, na mkono wangu ukabaki palepale. Sista akanyoosha kidole kwenye swichi. Taa ikawaka.

Taa hiyo tumeibuni mimi na fundi redio mmoja wa hapa mjini. Tumechukua taa mbili ndogo za LED, zile wanazofunga kwenye pikipiki, tukazipachika kwenye pete iliyokatwa kutoka bomba la plastiki la maji, na pete inakaa shingoni mwa hadubini. Chini ya meza kuna betri ya bodaboda ya volti 12. Ya kwanza ilipata joto pete ikalegea. Ya pili ilikuwa na taa moja, na kivuli cha vidole vyangu mwenyewe kilinifunika jicho lote. Fundi ndiye aliyesema tuweke mbili, kulia na kushoto, kila moja ikiue kivuli cha mwenzake. Mwanga wake unakuja kwa upande, hivyo hauleti ule wekundu wa retina tunaoutegemea kuona kifuko vizuri. Kwa kufungua kifuko nisingeithubutu. Kwa kumtoa mtu salama katikati ya safari inatosha.

Nilivuta. Kiini kikatoka kizima. Jenereta iliwaka baada ya kama dakika nne, lenzi ikiwa tayari ndani ya kifuko. Fundi baiskeli akauliza kwa sauti ya chini chini ya kitambaa, "Kumeharibika kitu, mama?" Nikamwambia, "Hapana, mzee wangu. Tumemaliza." Baadaye, wakati wa kunawa, nilikaa kwenye stuli muda mrefu kuliko kawaida.

Saa 8:30 mchana

Ugali na kuku wa kienyeji, harakaharaka.

Kliniki mama mmoja alimleta mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Alisema, "Usiku kwenye mwanga wa taa jicho lake linang'aa kama la paka." Nilisimama kabla hajamaliza sentensi. Huo weupe ndani ya mboni ya mtoto unaweza kuwa mtoto wa jicho, na unaweza kuwa saratani ya retina inayoua. Kwenye ile mashine ya kuwekea kidevu nina kishikizo cha simu, nacho cha bomba la maji, kinachoiweka kamera sawasawa na tundu la kuchungulia. Mama alimpakata, tukabahatisha picha tatu nzuri, nikazituma kwa wenzangu wa macho ya watoto Dar es Salaam. Jibu lilirudi ndani ya nusu saa: aje kesho. Nikaandika rufaa, tukashughulikia nauli. Mzazi anayeona mng'ao huo asingoje mtoto akue wala asitie dawa ya mtu, tafadhali.

Saa 12:00 jioni

Fundi alikuja na mkoba wake. Hakufurahi kusikia kwamba sista ilibidi atafute swichi. Alikuwa na relei aliyoichomoa kwenye stabilaiza mbovu: umeme wa ukutani ukiwepo, relei inaishikilia taa imezimwa, ukikatika, inaachia, na taa inawaka yenyewe. Alichomelea nyaya pale juu ya trei, mimi nikimshikia. Tukajaribu mara kumi na mbili, moja kwa kila jicho la leo, nikizima soketi na kuhesabu. Kila mara iliwaka kabla sijafika moja.

Hakuwa amewahi kuchungulia kwenye hadubini. Nikamwambia akae kwenye stuli yangu. Aliweka kidole gumba chake chini ya mwanga, akakiangalia kwa muda, ile mistari na chembe ya risasi ya kuchomelea iliyokwama kwenye mkunjo wa ngozi. Nilidhani atasema kitu juu ya kidole.

"Dokta," akasema bila kuinua kichwa, "hii taa ya kushoto iko chini kidogo." Akanyoosha mkono kutafuta bisibisi.