Kiti cha umeme kilichogoma, na jinsi nilivyokitengeneza

Gari letu ni la mwaka 1998, limetoka Japani likapitia Mombasa kama mengi yanayotembea hapa Kampala. Injini haijawahi kunisumbua. Kilichotushinda ni kiti cha dereva, kile cha umeme. Kiligoma kikiwa nyuma kabisa, na mke wangu ni mfupi: breki aliifikia kwa ncha ya vidole. Akawa anaweka mto mgongoni ndipo aendeshe kwenda kazini Ntinda. Kila alipotoka getini roho ilinikaa juu, maana boda boda za huku huchomoza popote.

Fundi wa kwanza aliniambia, "Mzee, mota imekufa. Nunua kiti kizima kule soko la vipuri la Kisekka." Akataja shilingi 600,000. Lakini mimi nilikuwa nimesikia kitu: nikibonyeza swichi, mota inalia chini ya kiti. Mota iliyokufa hailii. Tena upande wa kushoto ulijitingisha kidogo, wa kulia ukatulia tuli.

Jumamosi nikatoa waya hasi wa betri nikasubiri robo saa. Usiharakishe hapo. Kiti chetu kina begi la hewa ubavuni (airbag, lile linalofyatuka kumkinga dereva kwenye ajali), na plagi yake ya manjano haiguswi kabla umeme uliobaki haujaisha.

Kazi ngumu ilikuwa bolti za nyuma. Kiti kikiwa nyuma, huwa kinazifunika, na bila kuzifungua hakitoki. Nikalala sakafuni na tochi. Mota ni moja, ipo katikati, na inazungusha kebo mbili, kila moja ikienda kwenye gia ya reli yake. Nilichomoa kebo zote mbili. Ya kulia, ncha ya uzi wake wa ndani, ambayo ilipaswa kuwa ya pembe nne, ilikuwa imelika ikawa duara. Ilizunguka bure bila kuishika gia. Ugonjwa ulikuwa huo.

Jirani yetu seremala aliniazima drili. Nikabana uzi mzima wa kushoto kwenye drili na kuuingiza kwenye gia, mizunguko kumi reli ya kushoto, kumi reli ya kulia, taratibu, kwa sababu reli moja ikitangulia kiti kinakwenda mshazari na kukwama zaidi. Kilisogea, bolti zikaonekana. Spana namba 14 ikamaliza.

Uzi haukulika wote, ni ncha tu. Kwa hiyo nilikata milimita tano za gamba la plastiki la nje, uzi ukapata kuingia ndani zaidi ya gia, hadi sehemu ambayo bado ina pembe. Sikununua kebo. Reli nilizisafisha kwa mafuta ya taa, kwani grisi ya zamani ilikuwa imechanganyika na vumbi jekundu ikawa udongo mtupu, nikapaka mpya. Kabla ya kurudisha kebo nilipima reli zote mbili kwa futi mpaka zikalingana. Plagi zote zilirudi mahali pake kwanza, betri ikawa ya mwisho, la sivyo taa ya begi la hewa ingewaka.

Mama Salma akaingia, akabonyeza. Kiti kikasogea mbele, pande zote mbili pamoja.

"Hapo, Baba Salma, hapo hapo," akasema, wayo mzima ukiwa juu ya breki.