Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima nabishana na taa

Watu wakisikia nafanya utafiti wa mawasiliano ya mwanga wanajua ni mambo ya faiba. Hapana, sisi hatuna waya, data inapita hewani ndani ya mwanga wenyewe, wa leza au hata wa LED ya kawaida ile ya darini. PhD nilimaliza mwaka jana, sasa nina mkataba wa miaka 2 hapa chuoni na miezi 14 ishakatika. Jana ilikuwa hivi.

Saa 12 na nusu asubuhi. Sijatoka hata kitandani nishafungua imeili, kosa kubwa. Mhakiki wa pili wa makala yetu anauliza mbona hatujalinganisha matokeo na IEEE 802.11bb, kiwango rasmi cha kiufundi cha Li-Fi (yaani mtandao kama Wi-Fi ila unapita kwenye mwanga). Kiwango kilitoka 2023, swali ni la haki kabisa, ila nimemchukia mpaka namaliza kupiga mswaki.

Saa 2. Maabara. Nawasha vifaa vyote naviacha nusu saa, maana LED ikianza kupata joto mwanga wake unabadilika, ukiwa na haraka ya kupima namba zinakuongopea.

Saa 3. Kulenga. Hii ndo kazi ambayo hakuna aliyeniambia nitaifanya kila siku ya Mungu. Taa iko upande huu wa meza, kipokezi kiko mita 3 upande wa pili, na fotodayodi yenyewe, kile kijicho kinachogeuza mwanga kuwa umeme, ni kadoti ka milimita 1 nyuma ya lenzi. Unazungusha skrubu kidogooo, unaangalia oskiloskopu (skrini inayochora signali), unarudisha, unabana pumzi utadhani ukipumua meza itahama. Navaa shati jeusi siku za vipimo, sio fasheni, nyeupe inarudisha mwanga.

Saa 4 na nusu mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kaingia, "Dokta, hiki kioo cha bluu mbele ya kipokezi cha nini?" Swali zuri. LED nyingi nyeupe kiukweli ni za bluu zilizopakwa unga wa fosfori unaotoa njano, bluu na njano zikichanganyika jicho linaona nyeupe. Shida fosfori ni mzembe, ukiizima taa, yenyewe bado inamalizia kuwaka, kwa hiyo ukitegemea mwanga wote unapata megahezi chache tu. Ukichuja ukabaki na bluu unapoteza nguvu lakini unapata spidi. Kaelewa, akauliza tena kwa nini tusitumie leza moja kwa moja, nikamwambia hiyo mada nyingine, kuna usalama wa macho humo.

Saa 7. Kikao cha kundi. Robo tatu ya saa tunaongelea fomu za maombi ya fedha, dakika tano sayansi. Mkataba wangu haukutajwa, na mimi sikuuliza.

Saa 9 alasiri ndo balaa likaanza, tena siku ya tatu mfululizo. Asubuhi nilikuwa napata kosa kama 1 kwenye biti 1,000, safi, maana ikiwa chini ya 3.8 kwa 1,000 programu ya kusahihisha makosa inamalizia yenyewe. Sasa hivi inasoma 9. Sijagusa kitu! Siku mbili nzima nilikuwa nalaumu programu yangu, nimeandika upya sehemu ya kusawazisha signali mpaka saa 6 usiku, kumbe wapi.

Saa 10 kasoro nikaweka kiganja juu ya lenzi, nikitaka tu kuona kelele ya amplifaya peke yake, sio sauti, ni ule mchakarisho wa umeme unaochafua signali. Mstari wa kelele kwenye skrini ukashuka. Nikatoa mkono, ukapanda. Na taa yangu nilikuwa nimeizima! Nikainama usawa wa kipokezi nikaona: pazia la dirisha limeachia upenyo, ufito wa jua upana wa kidole unatambaa mezani na umeshafika kwenye ukingo wa lenzi.

Utasema jua halipepesi, si unalichuja tu? Taa za darini ndo rahisi, zinapepesa mara 100 kwa sekunde pale umeme ulipo wa hezi 50, hizo nazichuja bila jasho. Jua unaweza kuondoa wastani wake, ila chembe za mwanga zinaangukia fotodayodi ovyo ovyo kama mvua juu ya bati, na ule mchakarisho unabaki palepale juu ya signali yako. Na hapo unakumbuka Alexander Graham Bell, yule wa simu, mwaka 1880 alirusha sauti kama mita 213 kwa kutumia jua hilohilo. Kwake lilikuwa chombo cha kazi, kwangu mwizi wa siku tatu.

Nikakunja kartoni nyeusi kama mrija, nikaivika kwenye lenzi, nikapima: 1.2. Nilipiga kelele mpaka jirani wa maabara akachungulia.

Saa 11 nataka kurudia kipimo na jua bila kartoni, halafu na kartoni, maana yule mhakiki hatakubali kipimo kimoja. Ufito umeshahama, uko ukutani. Nimeweka alamu ya kesho saa 9 kamili, na pazia nimeliacha vilevile na kikaratasi: MSIGUSE.