Saa ya Tanga katika jiji la Leipzig

Asubuhi yangu ya kwanza mjini Leipzig niliipitisha nikiwa nimeketi juu ya sanduku langu mbele ya mlango uliofungwa, kwa sababu sikuielewa saa. Nilikuwa nimefika usiku uliotangulia kwa treni kutoka Berlin na kulala katika nyumba ya wageni karibu na stesheni kuu, ile iliyofunguliwa mwaka 1915, ambayo ukumbi wake ni mrefu kiasi kwamba mtu aliyekulia Tanga hana budi kusimama kwanza na kuutazama. Msimamizi wa hosteli ya wanafunzi alikuwa ameniambia kwa simu, kwa Kijerumani cha taratibu ili nimwelewe, kwamba angenikabidhi ufunguo "halb neun". Nilijua kwamba "neun" ni tisa na "halb" ni nusu, nikaunganisha maneno hayo kama tunavyoyaunganisha sisi, yaani saa kamili na nusu iliyoongezeka juu yake, nikaandika 9:30 katika daftari langu na kufika nikiwa na dakika kumi za akiba. Kumbe Wajerumani hawataji saa iliyopita bali ile inayokuja, na nusu wanayoitaja ni nusu ya safari ya kuifikia. "Halb neun" ni 8:30, kwetu saa mbili na nusu asubuhi. Msimamizi alikuwa amenisubiri, akaondoka, na kubandika karatasi mlangoni kwamba angerudi 14:00.

Aliyenionea huruma ni mama mmoja mtu mzima aliyekaa jengo la jirani, ambaye alitoka Vietnam katika miaka ya 1980 kuja kufanya kazi za mkataba katika viwanda vya iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Aliniletea chai ya moto katika chupa na kukaa nami kwa muda mrefu. Aliposikia kilichonipata hakushangaa. Alinieleza kwamba yeye pia, alipofika, jambo lililomsumbua zaidi ya baridi lilikuwa hilo hilo la "halb", na tangu siku hiyo nimeshika ushauri wake: miadi yoyote unayopewa kwa mdomo, iandike kwa tarakimu, mwonyeshe aliyekupa, na usiondoke mpaka atikise kichwa kukubali.

Kwa mtu wa pwani ugumu ni mara mbili, na ndiyo maana naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaojiandaa kuja. Sisi hubeba saa mbili kichwani. Saa yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, hivyo saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana kukamilika, na saa kumi na mbili jioni mchana umemaliza hesabu yake. Mwanafunzi mmoja Mjerumani anayejifunza Kiswahili katika chuo kikuu hapa aliniuliza kwa nini tunasema saa mbili ilhali mshale umesimama kwenye nane. Nilimwonyesha njia niliyofundishwa na babu: itazame tarakimu iliyo upande wa pili wa uso wa saa, mkabala na ile inayoelekezwa na mshale. Hata hivyo, jibu lenyewe hasa haliko kwenye uso wa saa, liko kwenye jua. Tanga iko nyuzi tano kusini mwa Ikweta, na huko jua huchomoza karibu na wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo mtu anaweza kulitegemea kuanzishia hesabu ya siku. Leipzig iko nyuzi 51 kaskazini. Mwanzoni mwa Oktoba, saa moja asubuhi ilipogonga, taa za barabarani zilikuwa bado zinawaka, na kila siku iliyofuata mchana ulipungua kwa karibu dakika nne. Nilimpigia mama simu na kumwambia kwamba huku ni saa moja asubuhi na bado ni giza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Giza la mvua, mwanangu?"

Mambo ya ofisini yalikwenda vizuri kuliko nilivyoogopa. Sheria inamtaka mgeni anayehamia ajiandikishe kama mkazi ndani ya wiki mbili, naye lazima aende na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli anakaa hapo. Nilifika mapema, nikahudumiwa kwa dakika iliyoandikwa kwenye miadi yangu.

Wiki ya masomo ilipoanza, nilifika darasani saa tatu kamili asubuhi na kukuta chumba kitupu. Moyo ulishtuka, kwani niliamini nimekosea tena. Nilirudia kuisoma ratiba: 9:00, na pembeni yake herufi mbili ndogo, "c.t.", ambazo sikuwa nimezijali. Ni kifupi cha maneno ya Kilatini "cum tempore", na maana yake katika vyuo vikuu vya Ujerumani ni kwamba somo huanza robo saa baada ya saa iliyoandikwa, likiandikwa "s.t.", yaani "sine tempore", linaanza pale pale. Inasemekana desturi hiyo ilitokana na zama ambapo wanafunzi hawakuwa na saa zao binafsi, wakisikiliza kengele ya mji na kisha kupewa robo saa ya kutembea hadi darasani. Chuo kikuu cha Leipzig kilianzishwa mwaka 1409, na mimi niliipenda sana desturi hii ya kumhesabia mtu muda wa njia. Saa tatu na robo mwalimu aliingia, viti vikiwa vimejaa.

Kilichonigusa zaidi ni sala. Huku nilipo siisikii adhana, natumia ratiba iliyochapishwa, na ratiba hiyo hubadilika haraka kama mtu anayekimbia. Nilipofika, jua la Tanga lilikuwa linatangulia kuchwa: mama alikuwa anasali Magharibi, na mimi nilimfuata baada ya karibu saa moja na nusu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa tisa usiku, saa za hapa zilirudishwa nyuma kuwa saa nane, na tofauti yetu na nyumbani ikawa saa mbili badala ya moja. Nilikesha nikiitazama simu ibadilike yenyewe. Jioni hiyo jua lilikuchwa kabla ya saa kumi na moja, na mama alikuwa amenitangulia kwa kiasi cha dakika arobaini tu.

Nimefanya hesabu ya mbele. Katikati ya Desemba jua la Leipzig litakuchwa kabla ya lile la Tanga, mimi nitakuwa nimeshasali wakati mama anatandika msala wake. Tangu nifike, yeye ndiye anayepiga simu baada ya Magharibi kunikumbusha. Nimemwambia kwamba mwezi huo nitapiga mimi, naye amesema ataiweka simu karibu na birika la udhu.