Saa 24 za Mpwa Wangu

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 26 Juni 2025, nilimkuta mke wangu amesimama mbele ya duka lake la sare za shule katikati ya jiji la Nairobi, siku moja baada ya maandamano ya kupinga serikali yaliyoishia kwa uporaji, mkononi ameshika funguo za mlango ambao haukuwapo tena. Mlango wa chuma ulikuwa umeng'olewa na kulazwa barabarani. Sweta zote zilikuwa zimekwenda, cherehani mbili kati ya tatu zilikuwa zimekwenda, na sakafuni zilikuwa zimebaki soksi za watoto, za kijivu zenye mistari, zimetawanyika moja moja bila jozi. Fundi wetu wa siku nyingi aliinama akaanza kuziokota na kuzioanisha, kazi iliyomchukua hadi saa sita mchana, na hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kumwambia aache.

Ninaanza na duka ili msomaji ajue ninaandika nikiwa upande gani. Mimi ni mhafidhina, na neno hilo silionei haya. Ninaamini katika ndoa, katika ibada, katika jasho la mtu na kile alichokichuma kwa jasho hilo. Ninaamini kwamba mtoto ni wa wazazi wake kabla hajawa wa waziri yeyote, na kwamba serikali ina kazi chache inazopaswa kuzifanya vizuri, ya kwanza ikiwa ni kumlinda raia dhidi ya mwizi. Siwezi kukubaliana na wale walioandika juma hilo kwamba uporaji ule ulikuwa sauti ya wanyonge. Mke wangu alifungua duka kwa mkopo wa chama, na waliomdhamini walikuwa wanawake wenzake, wauza mboga na washonaji. Aliyebeba cherehani zake aliwapora hao.

Siku 11 baadaye, Jumatatu ya Saba Saba, tarehe 7 Julai, siku ya kukumbuka maandamano ya 1990, mwana wa dada yangu alikamatwa.

Ana miaka 22 na anajifunza kazi ya umeme kwa fundi mmoja katika Eneo la Viwanda. Siku hiyo polisi walikuwa wamefunga barabara za kuingia jijini tangu alfajiri, kazi ikasimama, na kwa kuwa hapakuwa na matatu alianza kurudi nyumbani kwa miguu akiifuata Barabara ya Jogoo. Saa nne na nusu asubuhi wanaume watatu waliovaa kiraia na kuficha nyuso walimwingiza kwenye gari. Tulijua hivyo kwa sababu mama mmoja muuza mahindi choma, anayemfahamu tangu utotoni, alimpigia dada yangu simu huku akilia. Kufikia saa nne usiku tulikuwa tumepita vituo vinne vya polisi, na katika kila kituo tulijibiwa kwamba jina lake halimo kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi. Aliyewahi kumtafuta mtu wake anakijua kitabu hicho kikubwa kinachokaa kaunta, na anajua ganzi inayomshika mtu kidole cha askari kinaposhuka ukurasa mzima na kufika chini bila kusimama.

Tulimpata Jumatano saa tisa alasiri, katika kituo kile kile tulichokianzia. Askari mmoja wa makamo, ambaye Jumatatu alikuwa ametuambia hamjui, alimtazama dada yangu kwa muda mrefu, kisha akatuambia tukangoje nyuma, kwenye lango la magari. Kijana alitoka bila simu, viatu havina kamba, jicho la kushoto limevimba. Hapakuwa na mashtaka, dhamana wala karatasi yoyote. Zilikuwa zimepita saa 52 na nusu.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema kwamba mtu aliyekamatwa lazima afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24, isipokuwa saa hizo zikiishia nje ya muda wa kawaida wa kazi za mahakama. Jumanne ilikuwa siku ya kazi na mahakama zilikuwa wazi. Sitaki kujidanganya kwamba saa 24 zinamtosha kila mtu. Mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025, akaletwa Nairobi, na akafa mikononi mwa polisi kabla hata ya saa hizo kutimia. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani, lakini uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe. Saa 24 ni mpaka wa mwisho tu, na mtu anaweza kuumizwa vibaya ndani yake. Lakini mpaka huo ukivukwa na asiwepo wa kuuliza, raia hana tena chochote kati yake na mwenye bunduki.

Jumatano hiyo hiyo, tarehe 9 Julai, Rais alisema hadharani kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, kisha apelekwe hospitalini akiwa njiani kwenda kortini. Nilisikia maneno hayo kwenye redio ya gari huku mpwa wangu ameketi nyuma, na dada yangu akimpangusa uso kwa leso. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mzee mwenzangu wa kanisa alinishika mkono akaniuliza kwa upole, "Baba Njeri, kwani si hao hao waliolivunja duka lenu?" Mwingine akaongeza kwamba asiye na hatia hana la kuogopa. Hao ni watu ninaowaheshimu. Tumezikana, tumeozeshana watoto. Na kwa kuwa wanaufikiri uhafidhina kuwa ni kusimama na serikali popote inaposimama, nimeona niwajibu kwa maandishi na kwa utulivu kuliko nilivyowajibu siku ile.

Risasi hiyo ya mguu ingepigwa kwa jina la mke wangu. Yeye ndiye mwenye biashara anayesemwa, na mimi nimemwuliza: anachotaka ni cherehani zake. Askari anayelenga miguu katikati ya umati hawezi kujua nani alibeba cherehani na nani alikuwa akirudi kutoka kazini, na aliyevunjwa mguu leo hatamwambia mtu kesho mali iko kwa nani. Hakimu ndiye anayeuliza maswali yale ya polepole, nani alikuona, ulikuwa wapi, mashine hii uliinunua kwa nani, na ni kwa njia hiyo peke yake ndipo mali ya watu hurudi. Ninaudhika ninaposikia taratibu hizi zikiitwa huruma kwa wahalifu. Mwenye duka anazihitaji kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu asiye na mali hana cha kurudishiwa.

Tena nitakiri jambo ambalo baadhi ya wasomaji wangu vijana hawatalipenda. Tarehe 4 Agosti 2010, katika kura ya maoni kuhusu katiba hii, nilipiga kura ya Hapana, ile ya rangi nyekundu. Makanisa mengi yalikuwa upande huo, kwa sababu ya kipengele cha uavyaji mimba na cha mahakama za Kadhi, na William Ruto, ambaye sasa ndiye Rais, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kampeni hiyo. Tulishindwa waziwazi, kwani upande wa Ndiyo ulipata takriban asilimia 67 ya kura. Kwa mtu mwenye msimamo kama wangu, kushindwa kihalali kuna maana yake: katiba ile ikawa yangu, pamoja na vifungu nilivyovikataa, na Kifungu cha 49 sikumbuki kumsikia mtu yeyote akikipinga, awe mwekundu au mwenye rangi ya kijani.

Hakukipinga mtu kwa sababu kizazi chetu kilijua kifungu hicho kilitoka wapi. Saa 24 zilikuwamo katika katiba ya zamani pia. Lakini katikati ya miaka ya 1980 watu walikuwa wakiwekwa wiki nzima, wengine zaidi, katika vyumba vya chini ya Jumba la Nyayo, jengo ambalo leo tunapanga foleni tukitafuta pasipoti. Ndipo mwaka 1988 Bunge likabadilisha katiba, na kwa makosa yenye adhabu ya kifo saa 24 zikawa siku 14. Polisi hawakurudishwa ndani ya mstari. Mstari ndio uliosogezwa ukawafuata walipokuwa. Mabadiliko hayo hayo yaliwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao, ukarudishwa mwaka 1990 baada ya kelele nyingi, za viongozi wa makanisa zikiwamo. Wachungaji waliosema wakati huo hawakuwa wanamapinduzi. Walikuwa wazee waliovaa kola nyeupe na kuhubiri utiifu kwa sheria, na ndiyo maana walidai serikali nayo iitii.

Baba yangu, ambaye hakuwahi kuandamana maishani mwake, alikuwa na sababu yake mwenyewe. Tarehe 24 Aprili 1954, Waingereza walipouzingira mji wa Nairobi na kuanza kuwasaka Mau Mau nyumba kwa nyumba huku mashariki, alitolewa Bahati akiwa na miaka 20, akaketishwa chini mikono kichwani pamoja na maelfu ya wengine, na kupitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gunia likitikisa kichwa, unakwenda Manyani, kambi ya kizuizini. Halikutikisa kichwa kwake. Alirudi kazini, akanunua kiwanja, akajenga, akatusomesha, na mpaka anafariki hakupenda mtu aingie nyumbani kwake akiwa amevaa kofia iliyoshuka usoni. Mpwa wangu aliponieleza kwamba hakuona hata sura moja ya wale waliomkamata, nilimkumbuka babu yake.

Nigusie kidogo kodi, maana hapa ndipo ninapopishana na vijana wanaodhani suala hili lilianza na kodi ya mkate iliyopendekezwa katika Mswada wa Fedha wa 2024. Tozo ya nyumba siipendi. Mke wangu hukata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila fundi na kuongeza asilimia 1.5 nyingine kutoka mfukoni mwake, ili zijengwe nyumba ambazo fundi wake hajui kama atapata chumba hata kimoja ndani yake. Naona si haki mtu kulazimishwa kuweka akiba kwa mpango wa mwingine. Lakini Mahakama Kuu ilipoibatilisha tozo ya kwanza tarehe 28 Novemba 2023, serikali ilirudi Bungeni, sheria mpya ikatiwa saini Machi 2024, na sisi tunalipa. Sheria inatupa siku tisa za kazi baada ya mwezi kuisha, na tukichelewa kuna faini. Tunazihesabu siku hizo kwenye kalenda ya ukutani. Serikali inayonihesabia siku tisa kwa umakini huo inashindwaje kumhesabia mpwa wangu saa 24?

Hali ni hiyo hiyo katika marekebisho ya sheria ya makosa ya mitandao yaliyotiwa saini tarehe 15 Oktoba 2025. Wengi kanisani waliyashangilia, kwa kuwa yanataja picha chafu za watoto na ugaidi, na mimi pia ningefurahi kuona uchafu huo ukiondolewa mbele ya watoto wetu. Ila yanataja pia itikadi kali za kidini, na yanaipa kamati ya maofisa uwezo wa kuagiza tovuti ifungwe. Baada ya msiba wa Shakahola wa mwaka 2023, ambako ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, naelewa hofu iliyoleta maneno hayo. Hata hivyo ningewaomba wazee wenzangu wafikiri ni nani atakayekuwa ameketi katika kamati hiyo miaka 20 ijayo, na mahubiri yetu kuhusu ndoa yataitwaje wakati huo. Akitaka kufunga tovuti, ofisa aende kwa hakimu na ushahidi wake, kama anavyopaswa kwenda na mahabusu wake.

Mpwa wangu amerudi kazini. Hapiti tena Barabara ya Jogoo kwa miguu, na jioni dada yangu humpigia simu mara tatu kabla hajafika. Duka nalo limefunguliwa kwa cherehani moja na mlango mpya, na kwenye droo ya kaunta mke wangu ameweka kikaratasi chenye namba ya OB aliyopewa alipokwenda kuripoti uporaji. Mpelelezi amempigia mara mbili, kwa heshima, na mara ya pili alimwuliza namba za cherehani zilizopigwa chapa kwenye chuma. Tunaamini anaitafuta mali yetu.

Mwezi Agosti nilirudi na dada yangu katika kituo kile kuomba na yeye apewe namba, ili malalamiko ya mwanawe yawe na mahali pa kuanzia. Karani alifungua kitabu, akarudi nyuma hadi tarehe 7 Julai, akateremsha kidole polepole mpaka mwisho wa ukurasa, kisha 8, kisha 9. Akatwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kwa mujibu wa kitabu hiki, kijana huyo hajawahi kufika hapa.