Dakika Tatu za Cherehani ya Baba

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na maneno 940, na ilianza hivi: "Katika ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia, ushonaji ni miongoni mwa kazi muhimu katika jamii." Naona haya kuirudia, lakini ndivyo nilivyozoea kuandika tangu shule ya msingi: utangulizi, kiini, hitimisho, na methali mbili za kukoleza. Mwalimu wa kozi yetu ya uandishi na usimulizi wa kidijitali aliisoma mpaka mwisho, akaigeuza karatasi kama anayetafuta kitu upande wa pili, akaniuliza, "Sasa baba yako yuko wapi humu?"

Hakuwemo. Nilikuwa nimeuandika ushonaji wa Tanzania nzima, nikamwacha mzee wangu Tanga, Ngamiani, kwenye baraza ya Barabara ya Nane na cherehani yake ya miguu.

Kazi yenyewe ilionekana ndogo: video ya dakika mbili hadi tatu, picha zako, sauti yako, jambo unalolijua wewe. Mtindo huu ulishika kasi California miaka ya 1990, pale akina Joe Lambert na Dana Atchley walipoanza kuwakalisha watu wa kawaida mbele ya kompyuta ili wasimulie maisha yao. Kabla ya kushika mashine yoyote, mnakaa kwenye duara na kila mmoja anasoma alichoandika. Mimi nimelelewa na paukwa-pakawa, nikajiambia duara halina jipya kwangu. Kumbe lina adabu yake. Msikilizaji haingilii kati, na anayetaka kushauri sharti aanze na maneno "Ingekuwa hadithi yangu..." Sisi watu wa pwani kunyamaza wakati mwenzako anasimulia ni adhabu.

Dada mmoja aliyekaa mkabala nami akasema, "Ingekuwa hadithi yangu, ningeanza na yale mafuta."

Mafuta gani? Nikarudi kwenye karatasi. Sentensi ya tatu kutoka mwisho, kabla tu ya methali, nilikuwa nimetaja kwamba baba aliacha kushona baada ya mtoto wa jicho kumharibia macho, ila kila Ijumaa akitoka msikitini huitia cherehani mafuta, huizungusha kidogo kwa mkono, kisha huifunika kwa kitambaa. Nililiandika hilo kama jambo la kupita tu. Mimi ni mtoto wa nyumbani. Nimeliona mara nyingi mno kiasi cha kutoliona tena.

Basi nikaanza kukata. Kilichoniuma zaidi ni aya ya mitumba. Niliipenda: enzi za Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, milango ya biashara ilivyofunguliwa, nguo zilivyoingia kwa mabelo, mafundi walivyopoteza wateja wa mashati na suruali. Ikabaki sentensi moja: "Mabelo yalipoingia mjini, baba alibaki na sare za Januari." Aliyesoma Tanzania anaelewa Januari ni nini kwa fundi wa sare za shule, na asiyeelewa, mwendo wa sauti utamvusha.

Mwongozo wetu ulikuwa wa Kiingereza, ukisema maneno 250 hadi 300 yanatosha. Nikafika 290, nikajipongeza. Nilipojirekodi, dakika tatu zikapita na bado nasoma. Kiswahili kinafunga sentensi nzima ndani ya neno moja. "Hakunionyesha" ni neno moja kwenye hesabu, lakini mdomoni lina safari. Nilishuka hadi 215 ndipo nikapata nafasi ya kupumua. Ukiwa na kazi kama hii, usihesabu maneno. Soma kwa sauti na saa mkononi.

Kurekodi kulinichukua usiku tatu. Chumba chetu kilikuwa na mwangwi, nje bodaboda, juu feni. Nilizima feni, nikaingiza kichwa kwenye kabati la nguo, simu ikiwa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige kama makofi. Kabla ya kusoma nilirekodi kimya cha sekunde kadhaa, kisha kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikakitumia kimya kile kuionyesha uvumi upi ipunguze. Nilipopunguza kupita kiasi, sauti ikawa ya mtu aliye ndani ya pipa. Nikarudia.

Muziki nao nilitaka taarabu. Mwalimu akauliza kama nina ruhusa ya wenyewe. Sikuwa nayo. Nikapanda basi kwenda Tanga, nikamwomba baba akae kwenye cherehani, nikairekodi ikizunguka tupu, bila kitambaa. Huo ndio ukawa muziki wangu.

Safari hiyo hiyo nilimwonyesha picha nilizochagua. Somo la idhini tulishasomeshwa, ila nilidhani linahusu watu baki. Kwa mzazi, nani anaomba? Alizisogeza moja moja karibu na uso. Kwenye ile ya siku aliyotoka hospitali, jicho limefungwa bandeji, alisimama. "Hii usiwaonyeshe watu, mwanangu." Ndiyo iliyokuwa nguzo ya video yangu. Nikaitoa. Sikuwa na nyingine ya kuziba pengo, nikaacha kioo cheusi kwa sekunde nne, cherehani ikilia peke yake. Wenzangu wengi waliniambia walipenda hapo kuliko pengine, nami sikuwaeleza kilichokuwepo.

Nilipata B+. Nilikatwa alama kwa picha zilizorudia maneno: nasema mkono, naonyesha mkono, nasema baraza, naonyesha baraza. Walikuwa na haki.

Likizo nilimpelekea baba video yenyewe. Tulikaa barazani baada ya alasiri, akaishika simu sikioni badala ya kuitazama. Ilipokwisha alikaa kimya, kisha akasema, "Siku ile mkanda ulikuwa umelegea. Unausikia?"

Sikuusikia. Akaniambia nirudishe nyuma.