Shimo Lililokataa Kunywa Maji

Ardhi ya kwanza niliyoinunua ili niigawe viwanja ilikuwa ya mraba, mita 200 kwa mita 200, yaani hekta 4 kamili, na hesabu niliyoifanya usiku wa kuamkia siku ya kutia saini ilikuwa rahisi mno. Niligawa mita za mraba 40,000 kwa 500, nikapata viwanja 80. Kisha nikagawa bei ya ununuzi kwa 80, na kwa gharama hiyo ndogo ya kila kiwanja nikamshawishi dada yangu aingize akiba yake yote, nami nikakopa fedha zilizopungua. Hati ilikuwa safi na mipaka haikuwa na mgogoro. Sikuona sababu ya kumtafuta mpimaji kabla ya kulipa.

Mpimaji alikuja baada ya malipo, mzee aliyeanza kazi hiyo tangu enzi za kupima kwa mnyororo. Aliutazama mchoro wangu wa viwanja 80 kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, kiwanja kisicho na njia hakiuziki." Akatandaza karatasi nyingine juu ya boneti ya gari na kuanza kuchora. Kiwanja cha mita 20 kwa 25, barabara ya mita 12 pamoja na mitaro yake, kisha kiwanja kingine upande wa pili: upana wa mita 62. Pande za namna hiyo zinaingia tatu tu katika mita 200, na hubaki ukanda wa mita 14. Kutoka kwenye urefu akaondoa mita 12 za barabara ya kuingilia, ikabaki nafasi ya viwanja 9 kila safu. Safu 6 mara 9 ni 54. Karibu theluthi ya ardhi niliyoilipia ilikuwa imekwenda kwenye barabara na mabaki, na hata hatujaanza kutembea.

Tulipoanza kutembea ndipo nilipoona jambo zito zaidi. Ulikuwa msimu wa kiangazi, na kule chini ya mteremko udongo ulikuwa mweusi, umepasuka nyufa ambazo kiganja kingeweza kuingia. Mimi nilikuwa nimezichukulia kuwa dalili ya ukame. Mzee alipiga magoti, akavunja bonge la udongo, akalilowesha kwa maji ya kunywa na kulifinyanga kati ya vidole mpaka likawa utepe mrefu usiokatika. Akaniambia kwamba udongo wa aina hiyo huvimba ukinywa maji na husinyaa ukikauka, hivyo hupasua misingi ya nyumba. Tena ukishashiba, maji hayapiti. Eneo lile halikuwa na bomba la majitaka. Kila nyumba ingetegemea shimo lake.

Tulichimba shimo jioni ile, tukalijaza maji, tukayaacha udongo uyanywe, tukaongeza mengine na kuweka kijiti chenye alama. Asubuhi dada yangu alikuja pamoja nasi. Maji yalikuwa yamesimama karibu palepale kwenye alama. Shimo tulilolichimba juu ya mteremko, kwa kipimo kilekile, lilikuwa tupu.

Dalali aliyetuuzia alipopata habari alitushauri tuuze kwanza viwanja vya chini, kabla mvua hazijaanza. Nakiri kwamba nilinyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwa sababu riba ilikuwa ikiongezeka kila mwezi, na kibali cha ramani kilikuwa bado. Dada yangu, ambaye akiba yake ndiyo iliyokuwa hatarini, hakunyamaza. Alimwuliza dalali kama angemjengea mama yake mahali pale. Dalali hakujibu, na dada yangu akanigeukia mimi kwa swali lilelile.

Tukafuta safu yote ya chini, viwanja 9, pamoja na viwanja 2 vya safu ya juu yake ambavyo udongo mweusi ulikuwa umevifikia. Vikabaki 43. Gharama ya ardhi kwa kila kiwanja ikakaribia mara mbili ya ile niliyomwonyesha dada yangu, na nikalazimika kumwomba mkopeshaji aurefushe muda wa mkopo. Ukanda wa mita 14 uliokuwa umenisumbua tuliusogeza ukingoni mwa chini, ukawa njia ya maji.

Mvua za kwanza zilinyesha bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, zikiwa zimekwisha kusimikwa. Nilikwenda peke yangu, nikasimama kwenye bikoni ya kiwanja cha 43. Hatua chache mbele yangu, pale ambapo kalamu yangu ilikuwa imechora nyumba 11, maji yalikuwa yametanda kimya kutoka ukingo hadi ukingo, na wiki mbili baadaye yalikuwa bado yapo.