Ramani Nyuma ya Kalenda

Kalenda ilikuwa ya mwaka uliopita, ya duka moja la vifaa vya ujenzi. Mjomba aliigeuza kifudifudi juu ya jamvi, barazani kwake Makorora, Tanga, akazikandamiza pembe zake kwa kikombe cha kahawa, redio na kandambili zake zote mbili. Ilikuwa Julai 2015.

"Haya mjomba," akaniambia. Sisi huitana mjomba wote wawili, yeye na mimi. "Sema tena unakwenda wapi."

"Mtae."

"Kwa pikipiki?"

"Kwa pikipiki."

Akachukua kalamu, akachora mstari mnyoofu kutoka ukingo wa karatasi: Tanga, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo. Mstari huo aliumaliza kwa pumzi moja. "Hapa hakuna habari," akasema. "Lami, mkonge, mabasi yenye haraka. Kaa kushoto kwako, angalia vioo, utafika." Halafu akaiweka kalamu juu ya Mombo na kunyamaza muda mrefu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Alipoanza tena mkono wake ulikwenda polepole, kona baada ya kona, na kila kona aliitaja.

Mjomba aliendesha lori la mboga miaka zaidi ya ishirini. Kabichi, viazi, karoti, na msimu wa matunda plamu na pea, vyote akivitoa Lukozi kuvishusha Tanga na Dar es Salaam. Aliacha mwaka 1998 goti la kulia lilipokataa kukanyaga breki. Yeye na mama yangu walizaliwa kule juu, kwenye milima ya Usambara, ambako Mtae nayo iko. Mimi nilizaliwa mjini Tanga, na mpaka siku ile sikuwahi kuvuka Soni, katikati ya Mombo na Lushoto. Jambo hilo lilikuwa limeanza kunikera. Wajomba na mashangazi wote wakikutana misibani wanataja mabonde na vijito kwa majina, mimi nimekaa kimya kama mgeni.

Pikipiki nilikuwa nayo: Honda XL ya 125, niliyoinunua kwa bwana shamba mstaafu. Ilikuwa nzee lakini imetunzwa. Kilichobaki ni mpango, na nilidhani mpango ni jambo la jioni moja. Tulikaa jioni nne.

Jioni ya kwanza ilikwisha kwa kushuka. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuuliza habari za kupanda, iwapo injini ndogo itaimudu ile barabara ya kilomita 33 kutoka Mombo hadi Lushoto. Mjomba hilo halikumshughulisha kabisa. "Kupanda itapanda. Taratibu, lakini itapanda. Nieleze utashukaje." Nikasema nitashika breki. Akatikisa kichwa. Breki za ngoma zikishikwa mfululizo kwenye mteremko mrefu huchemka, akasema, na zikichemka unaikanyaga pedeli haina kitu. "Gia uliyopandia ndiyo unayoshukia. Iache injini ikuzuie. Breki ni ya kumalizia tu." Akanifanya nirudie kwa sauti, mara mbili, mke wake akitusikiliza kutoka jikoni.

Jioni ya pili tulipanga saa. Niondoke saa kumi na moja alfajiri ili Mombo nipite mapema, kwa sababu malori ya mboga huanza kushuka jioni yaingie sokoni Dar es Salaam kabla hakujakucha, na hakutaka nikutane nayo nikiwa nimechoka. Agosti ni kavu, lakini ni kipupwe, kwa hiyo mbele ya Lushoto ukungu unaweza kukaa barabarani hadi saa nne. Tenki nijaze Lushoto, kwa kuwa kutoka hapo kwenda Mtae na kurudi ni zaidi ya kilomita mia, na huko mbele ni mafuta ya chupa. Nikiona matawi mabichi yametupwa barabarani kabla ya kona, nijue kuna gari limekwama upande wa pili. Haya yote niliyaandika kwenye daftari. Yeye hakuandika lolote, aliendelea kuchora.

Fundi wa jirani naye alikuja na lake. Alibadilisha oili, akakaza cheni, kisha akatoa waya mpya wa klachi. Badala ya kunipa niutie mfukoni, aliulaza sambamba na ule wa zamani, kuanzia kwenye usukani hadi kwenye injini, akaufunga kwa utepe mweusi wa umeme sehemu tatu. "Ukikatika njiani," akasema, "hupitishi kitu. Unachomoa ncha ya huu, unachomeka ya huu." Nilimlipa, lakini moyoni niliona anaongeza mbwembwe.

Jioni ya nne ramani ilikuwa imepita Lushoto, imeacha mchepuko mdogo wa kwenda Irente, imepanda msitu wa Magamba, ikapita Malindi na Lukozi. Kati ya Lukozi na Sunga mjomba alichora duara dogo, akalikoleza wino mpaka karatasi ikataka kutoboka. Pembeni akaandika: *mkuyu, honi*.

"Hapa kuna kona ya kujificha," akasema. "Huoni anayekuja na yeye hakuoni. Ila kuna mkuyu mkubwa, utauona kabla ya kona yenyewe. Ukiuona tu, piga honi, jibane kushoto. Mimi nilikuwa nasimama chini yake nikirudi mtupu. Nakula, nalala kidogo."

Niliondoka Jumamosi. Hadi Mombo ilikuwa kama alivyosema, hakuna habari. Kutoka Mombo barabara inaingia kwenye korongo, na joto la bondeni linakuachia kidogo kidogo, kwanza shingoni, halafu viganjani. Soni nilisimama kutazama maporomoko na kununua matunda ya mkoba mzima, nikayala yote kabla ya Lushoto. Irente sikuipita hivi hivi. Ule mwamba unakatika ghafla miguuni pako, na chini kabisa unaona Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kama uzi wa mkeka. Nilikaa pale nusu saa ambayo haikuwa kwenye daftari.

Waya wa klachi ulikatika Malindi, kwenye mpando, ukungu umeshuka. Mkono wa klachi ulilegea ghafla kama jino lililong'oka. Nilisukuma pikipiki hadi pembeni, nikachana utepe kwa meno maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikafanya kama fundi alivyosema. Ncha ya chini ilinisumbua kuingia. Mtoto mmoja aliyebeba kuni alitua mzigo wake, akanishikia bila kuulizwa. Dakika kumi na tano, pengine ishirini, tukawa tumemaliza. Nilimshukuru fundi kwa sauti, peke yangu, kilomita zaidi ya mia na sabini kutoka kwake.

Baada ya Lukozi nikapunguza mwendo, nikaanza kuutafuta mkuyu. Barabara ni udongo mwekundu, nyembamba, mashamba ya viazi yamening'inia pande zote. Kona ya kwanza, hakuna mkuyu. Ya pili, hakuna. Ya tatu niliingia kimya, bila honi, macho yangu yako juu yakitafuta matawi, na lori la kabichi lilikuwa mbele yangu. Dereva alipiga honi yeye. Nilijibana kushoto hadi tairi la mbele likaingia mferejini, na lori likapita karibu kiasi cha kunusa kabichi. Nilizima injini. Miguu ilikuwa inatetemeka.

Mtae niliingia mchana. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, na nyumba ya mwisho kama imeshikilia kwa kucha. Nililala kwenye nyumba ndogo ya wageni yenye mablanketi mazito. Alfajiri mwenye nyumba alinigongea mlango: "Toka haraka, limetokea." Nyika ya Mkomazi ilikuwa imelala chini, bado bluu, milima ya Upare ng'ambo, na mbali nyuma yake Kilimanjaro, kileleni peke yake, waridi. Halikukaa hata robo saa, mawingu yakafunga. Mama alikuwa akinisimulia mlima huu unaotokea na kupotea tangu nikiwa mdogo.

Nikirudi nilishuka kwa gia niliyopandia. Kwenye ile kona nilisimama kabisa, nikaegesha na kurudi kwa miguu. Kisiki kilikuwepo, kipana kama meza ya kulia chakula, nyasi zimekizunguka. Mkuyu ulikuwa umekatwa zamani.

Jumatatu jioni nilikwenda Makorora. Nikatoa shikamoo, mjomba akaitikia huku mkono tayari unaitafuta kalenda chini ya mto wa kiti. Akaitandaza, akataka nianze Mombo, nisiruke kitu. Nikaanza. Alipofikisha kidole kwenye duara jeusi nikasita, kisha nikamwambia.

Alikaa kimya. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Umekatwa au umeanguka?"

"Umekatwa, mjomba. Kimebaki kisiki."

"Kimechipua?"

Kilikuwa kimechipua, na nilikuwa nimesimama karibu nacho. Nikamwonyesha kwa mkono: hapa, kiunoni.

Akaomba kalamu. Maneno *mkuyu, honi* hakuyafuta. Mbele ya *mkuyu*, kwa herufi ndogo zilizobanana, aliongeza neno moja: *mdogo*. Kisha akasogeza kidole mbele. "Enhe. Sunga."